Mguu umepona, kitambi kimebaki: nirudi vipi kwenye vyuma?

Assalaam alaikum Mwalimu,

Mimi ni mkazi wa Busia upande wa Uganda, miaka 34, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni uwakala wa forodha. Ni kazi ya kukaa: asubuhi mpaka jioni niko kwenye kiti na makaratasi ya malori.

Kabla ya ajali nilikuwa mtu wa vyuma. Jimu yetu iko nyuma ya karakana ya kuchomelea, na haina mashine hata moja. Vyuma vyetu ni mabomba ya maji yaliyomiminiwa saruji ndani ya makopo ya rangi huku na huku, magia ya lori tuliyoyachomelea vishikio, na benchi la mbao. Humo nilijijenga kwa miaka mingi. Nilikuwa na kilo 78 za mwili, na skwoti, yaani kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani, ya kilo 100 kwangu ilikuwa jambo la kawaida.

Mwaka jana boda niliyopanda iligongana na nyingine kwenye barabara ya Tororo. Muundi wa mguu wa kushoto ukavunjika. Nilifanyiwa upasuaji nikawekewa chuma kirefu ndani ya mfupa, kimeingizwa kupitia mbele ya goti. Baada ya hapo ni kitanda, kisha magongo, miezi kwa miezi. Nyumbani walinitunza kwa kweli. Wageni walikuja na soda na mandazi, na mama hakuacha kunipikia mulokoni, akisema supu ya kwato ndiyo inayounga mfupa. Kwenye eksirei ya mwisho daktari alisema mfupa umeunga, nitembee bila gongo na nianze mazoezi mepesi. Mepesi ni yapi, hakunieleza, na foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu.

Sasa nina kilo 91. Urefu wangu ni sentimita 174, na kiuno kimefika sentimita 101. Ajabu ni kwamba suruali inanibana tumboni huku inapwaya kwenye paja la kushoto, maana paja hilo limenywea. Nimeacha kuvaa fulana za zamani. Wenzangu jimu wananiita Kitambi, na ingawa wanacheka kirafiki, roho inaniuma.

Nimerudi jimu. Nilianza skwoti na kilo 60 tu, goti likauma upande wa mbele, na siku mbili zilizofuata hata kukaa tahiyatu kwenye swala ilikuwa taabu. Wenzangu wanasema nimeze diclofenac, dawa ya maumivu, niendelee. Mmoja ana chupa za sindano za kujenga mwili, anasema katika wiki nane misuli itarudi na tumbo litaisha, na atanidunga yeye mwenyewe. Upande wa chakula nimeanza kula mara moja kwa siku, usiku, mchana nashinda na chai ya rangi. Mke wangu hataki kabisa, anasema natetemeka na nina hasira.

Mwalimu, nianzie wapi? Je, chuma kilicho mguuni kinanizuia? Sindano ina ubaya gani? Na ile kilo 100 yangu nitaigusa lini tena?

Wa Vyuma, Busia

*

Wa alaikum salaam, mdogo wangu.

Pole kwa ajali na pole kwa miezi ya magongo. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, si wako, kwa sababu kilichonishtua zaidi kwenye barua hii umekitaja kwa sentensi moja tu: huo mlo mmoja.

Uache kuanzia leo. Mfupa unaoendelea kujiimarisha na msuli ulionywea vyote vinajengwa kwa protini, na mwili hauna ghala la protini kama ulivyo na ghala la mafuta. Ukishinda na chai ya rangi mpaka usiku, mwili unatafuta pa kuchota, na sehemu ya unachopoteza ni msuli, tena msuli ule ule unaoufuata jimu. Mizani itashuka na utafurahi, lakini paja la kushoto litazidi kunywea. Mke wako ameona vizuri. Msikilize.

Mtu anayenyanyua vyuma hufaidika na protini ya gramu 1.6 hivi kwa siku kwa kila kilo ya mwili wake. Kwa kuwa sasa una mafuta ya ziada, piga hesabu kwa uzito unaoulenga, tuseme kilo 80. Inakuja kama gramu 128. Namba hiyo inaonekana kubwa, lakini Busia inaitimiza bila unga wowote wa kopo. Asubuhi kula mayai matatu, kila moja lina gramu 6 hivi, na kikombe kikubwa cha maziwa, mililita 300, ambacho ni gramu 10. Mchana chukua sahani ya maharagwe. Maharagwe yaliyoiva gramu 300 yana protini kama gramu 26. Yaweke na dodo (mchicha) au sukuma, na posho, yaani ugali, ya kiasi cha ngumi yako. Jioni samaki, maana Ziwa Victoria haliko mbali nawe: nyama ya sato au sangara, gramu 150 ikiwa imepikwa, inakupa zaidi ya gramu 35. Kabla ya kulala kikombe kingine cha maziwa.

Na mukene, yaani dagaa, ambao watu wengi wakipata pesa kidogo wanaanza kuuona chakula cha kuku. Gramu 30 za mukene mkavu, yaani kama viganja viwili, zinabeba karibu gramu 18 za protini. Na kwa sababu unautafuna pamoja na miba yake, unapata kalsiamu ambayo mfupa wako unaidai. Nunua ule uliokaushwa kwenye chanja au wavu, si uliotandazwa chini, maana wa chini una mchanga. Ulowanishe kwenye maji ya moto, uoshe mara mbili tatu, kisha upike na nyanya na kitunguu kwa mafuta kidogo. Ukijumlisha na kiasi kilichomo kwenye posho na mboga, umefika unapotaka kufika.

Mulokoni ya mama endelea kuinywa, na mshukuru. Ina protini ya aina moja inayotoka kwenye ngozi na mishipa ya kwato, lakini protini hiyo ina upungufu: peke yake haitoshi kujenga msuli. Kwa hiyo supu iwe kiongezo, isichukue nafasi ya mayai, maharagwe na samaki. Engua mafuta yanayoelea juu, na usiisindikize na chapati tatu.

Kitambi chenyewe kimetoka wapi? Si siri. Ulilala, mguu haukutumia nguvu, na upendo wa wageni ukaja ndani ya chupa na mifuko. Soda moja ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, kama vijiko vidogo saba. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Mchuzi wa njugu una protini, ndiyo, lakini gramu 100 za njugu zina kalori zaidi ya 550, kwa hiyo binyebwa ipakue kwa kijiko na si kwa upawa. Ondoa soda, punguza sukari kwenye chai, na ukila rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai, iwe na mayai matatu kwenye chapati moja badala ya mayai mawili kwenye chapati mbili. Hayo tu, pamoja na posho ya ngumi moja, yanaweza kukupunguzia kalori 300 hadi 500 kwa siku. Usizidishe hapo. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na wiki nyingine haitashuka hata hiyo.

Nakuomba uelewe kwa nini haitashuka, usije ukavunjika moyo. Mtu aliyewahi kujenga msuli, akaupoteza kwa kulala, akarudi mazoezini huku anakula protini ya kutosha, yuko kwenye nafasi ambayo mtu wa kawaida anaitamani: anaweza kupunguza mafuta na kuongeza msuli kwa wakati mmoja. Watafiti wa Norway walionyesha kwa panya mwaka 2010 kwamba viini vya ziada ambavyo seli ya msuli huvipata inapofanyizwa kazi nzito hubaki humo hata msuli unapokonda. Na sisi tunaofundisha watu mazoezi tunaliona kila mara: msuli uliowahi kuwapo hurudi haraka kuliko unavyojengwa mara ya kwanza. Hujaanza sifuri, mdogo wangu. Lakini ukipoteza kilo mbili za mafuta na ukapata kilo mbili za msuli, mizani itakuambia hujafanya kitu. Kwa hiyo mizani ipande mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, na usiipe neno la mwisho.

Neno la mwisho lipe futi ya fundi cherehani. Kila baada ya wiki mbili pima kiuno usawa wa kitovu, ukiwa umetoa pumzi bila kuvuta tumbo. Kiafya kiuno cha mtu kisizidi nusu ya urefu wake, na kwako nusu hiyo ni sentimita 87. Uko 101, safari ipo, lakini si ya wiki nane. Halafu pima mapaja yote mawili, sentimita 15 juu ya pia ya goti, kile kifupa cha mbele, weka alama kwa kalamu ili kila mara upime pale pale. Andika tofauti ya paja la kulia na la kushoto. Kwa miezi ijayo, tofauti hiyo ikipungua, unashinda, hata kama Kitambi bado ni jina lako jimu.

Sasa goti. Umesema chuma kiliingizwa kupitia mbele ya goti. Maumivu ya mbele ya goti ni moja ya malalamiko yanayojulikana sana baada ya upasuaji wa namna hiyo, hasa mtu anapopiga magoti au kukunja goti sana, na yanaweza kuwapo hata mfupa ukiwa umeunga vizuri. Ndiyo maana tahiyatu ilikutesa. Mpaka goti litulie, uswali ukiwa umekaa kwenye kiti, dini imempa mgonjwa ruhusa hiyo, au weka mto mnene chini ya goti na kati ya kisigino na makalio.

Hayo ni maumivu ya goti. Ya muundi ni habari nyingine. Ukikanyaga mguu na kuhisi maumivu pale pale mfupa ulipovunjika, au ukigusa hapo panauma na panazidi siku hadi siku, simamisha vyuma na urudi kwa daktari wa mifupa, kwa sababu huenda mfupa haujashika kama unavyodhani. Vilevile usisubiri hata siku moja kama kidonda cha upasuaji kinatoa maji au usaha, kama una homa pamoja na maumivu ya mguu, au kama shavu la mguu limevimba ghafla, lina joto na linauma, maana damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya mguu. Na kama unavuta sigara au shisha, hilo hukuliandika, lakini moshi huchelewesha mfupa kuunga. Acha.

Swali lako la chuma kukuzuia: chenyewe hakikuzuii, ikiwa mfupa umeunga na daktari amekuruhusu kuubebesha mguu uzito wote. Watu wengi wanaishi na chuma hicho maisha yao yote na wananyanyua. Lakini neno "mepesi" si jibu, na una haki ya kupata lingine. Rudi na picha zako. Kutoka Busia unaweza kwenda Tororo, au hospitali ya rufaa ya Mbale ambako wilaya yenu hupelekwa, na ukiweza kufika barabara ya Entebbe, hospitali ya CoRSU pale Kisubi wanashughulika hasa na mifupa na kurudisha viungo kazini. Omba kuonana na mtu wa fiziotherapia, si daktari peke yake. Daktari anatazama mfupa, huyu mwingine atatazama unavyotembea, unavyokunja goti na unavyoshuka ngazi.

Ukishapata ruhusa hiyo, tuingie jimu.

Kilo 60 zilikuwa nyingi, na sababu si udhaifu wako. Ukiwa na miguu miwili sawa, kilo 60 zinagawanyika sawa. Ukiwa na paja moja lililonywea, mwili unaegemea upande wenye nguvu bila wewe kujua, unapinda kiuno, na goti bovu linasukumwa ndani. Na vyuma vyenu vya saruji vinaongeza tatizo. Navijua vyuma vya namna hiyo. Kopo la kulia na la kushoto huwa hayalingani, kwa sababu fundi alimimina kwa macho, na bomba halina kizuizi cha kushika uzito usiteleze. Kabla ya jambo lolote, chukueni vyuma vyenu mpaka kwa wauza mahindi wenye mizani, mpime kopo moja moja, mwandike kilo kwa rangi juu ya saruji. Pengo la kilo mbili tatu kati ya pande mbili mtu mwenye miguu mizima halihisi, wewe utalihisi kwenye goti. Upande mwepesi muufunge kifuko cha mchanga mpaka ulingane.

Kwa wiki nne hadi sita za mwanzo, hata bomba lenyewe huhitaji kwa ajili ya miguu. Chukua jerikeni la lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo una uzito unaoupima kwa usahihi kuliko chuma chochote mlicho nacho: mimina lita 5, kesho kutwa 6, wiki ijayo 8. Simama mbele ya benchi ukilipa mgongo, kumbatia jerikeni kifuani, shuka ukihesabu polepole mpaka tatu, gusa benchi kwa makalio bila kujibwaga, simama. Benchi likiwa refu goti halikunjiki sana. Goti likizoea, tafuta benchi fupi zaidi. Mbele yako muweke mtu au kioo, aangalie kama unaegemea kulia.

Ongeza kupanda kidaraja cha kimo cha tofali moja, mguu wa kushoto kwanza, polepole wakati wa kushuka kuliko wa kupanda. Ongeza kuinua visigino, mwanzo miguu yote miwili, baadaye mmoja mmoja. Lala chali, kunja magoti, inua nyonga, na baada ya wiki chache fanya hivyo kwa mguu mmoja. Kwa goti linalouma mbele, jambo moja limewasaidia wengi: egemea ukuta kama umekaa kwenye kiti kisichokuwapo, goti likiwa limekunjwa kidogo tu, tulia hapo sekunde 30 hadi 45, pumzika, rudia mara nne. Hakuna kinachosogea, lakini paja linafanya kazi na goti halisuguliwi.

Kila zoezi anza na mguu wa kushoto. Ukiweza mara 10 kwa kushoto, wa kulia nao ufanye 10, usiupe 20 kwa sababu unaweza. Chagua uzito ambao ukimaliza mara 12 unajua kabisa ungeweza nyingine tatu au nne. Fanya raundi mbili au tatu, siku tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku mguu upumzike. Kifua, mgongo na mikono havikuvunjika, kwa hiyo huko anza na nusu ya ulichokuwa unabeba na upande kwa utulivu, ukiwa umekaa au umelala. Na ukipata baiskeli, Busia hazikosekani, pandisha kiti mpaka goti likaribie kunyooka, uendeshe dakika 20 barabara tambarare siku ambazo hunyanyui. Baiskeli inachoma mafuta na inalilainisha goti bila kulipiga.

Maumivu yapime hivi. Sifuri ni hakuna, kumi ni yale ya siku ya ajali. Wakati wa zoezi yakifika mbili au tatu, endelea. Yakipita hapo, punguza uzito au usishuke sana. Kisha asubuhi ya pili jiulize: goti limerudi lilivyokuwa jana kabla ya mazoezi? Likiwa limerudi, ulifanya kazi sawa. Likiwa limevimba au linauma kuliko jana, ulizidisha, na safari inayofuata rudi nyuma hatua moja. Kwa kipimo hicho, kilo 60 zako zilikataliwa na goti siku ile ile, na siku mbili za tahiyatu zilikuwa ushahidi.

Sasa unaona kwa nini diclofenac kabla ya mazoezi ni hatari kwako? Inazima kipimo. Mguu unaita, wewe umeziba masikio. Tena kuimeza wiki kwa wiki bila daktari kunaumiza tumbo hadi kutoa vidonda, na kunachosha figo. Na uwe macho na vidonge vyeupe vidogo visivyo na jina ambavyo baadhi ya maduka huuza kwa ajili ya maumivu au kunenepa. Dawa za jamii ya dexamethasone na prednisolone, zikitumika muda mrefu, hudhoofisha mfupa na kula msuli, na wewe una mfupa mmoja ambao ndio kwanza umeshikana.

Sindano ya rafiki yako sitaipamba kwa maneno. Dawa hizo ni za jamii ya homoni ya kiume. Ukizidunga kutoka nje, mwili unaacha kutengeneza yako. Korodani husinyaa, mbegu hupungua, na baadhi ya wanaume hukaa miezi au zaidi wakitafuta mtoto bila kupata. Mafuta mabaya kwenye damu hupanda na moyo hubeba mzigo huo. Kwako wewe kuna la ziada: msuli utakua haraka kuliko mishipa inayoushikilia kwenye goti, na goti hilo tayari linalalamika. Halafu hujui ndani ya chupa mna nini, na hujui sindano ilipita kwa nani kabla yako. Ukimwi na homa ya ini aina ya B hupita kwa sindano moja. Mwambie rafiki yako kwa heshima kwamba umekataa, na kama yeye mwenyewe anajidunga, mpe ushauri huu huu akapime damu. Naye ni kijana wa watu.

Lala kwa muda wa saa saba hadi nane kila usiku, kwa sababu msuli hujengwa ukiwa umepumzika. Ramadhani ikija, nyanyua baada ya futari, na gramu zako za protini zigawe kati ya futari, chakula cha usiku na daku. Ofisini, kila lori likimalizika, simama uinue visigino mara 15 kabla ya kufungua faili lingine.

Na hao wanaokuita Kitambi, mchague mmoja mwenye utulivu umwambie ukweli: mguu huu ulivunjika, nahitaji mtu wa kunitazama ninavyoshuka. Wengi wanaotania hawajui kuwa unaumia. Wakipewa kazi ya kukusaidia hubadilika.

Kilo 100? Sitakupa tarehe, kwa sababu mfupa na goti ndivyo vitakavyoiamua. Nitakupa masharti. Uweze kuinua kisigino cha kushoto peke yake angalau mara tisa kwa kila mara kumi za kulia. Uweze kukaa na kusimama kutoka kwenye kiti kwa mguu wa kushoto bila kushika kitu na bila kuyumba. Tofauti ya mapaja iwe imebaki sentimita moja au karibu na hapo. Uwe umeswali wiki nzima kwa magoti bila kufikiria goti. Hayo yakitimia, ingia chini ya bomba tupu, kisha ongeza kilo tano kwa wiki pale tu asubuhi ya pili inapokuruhusu. Kwa watu wengi hiyo ni kazi ya miezi sita au zaidi, na wengine mwaka. Ukifika kilo 80, wawepo watu wawili, mmoja kila upande wa bomba, na makopo yawe yamefungwa kwa waya.